Mungu wa Nusu Mshororo

Katika mji ule hakuna kitu kilichoruhusiwa kutembea bila sifa yake. Mlima uliitwa mlima mvaa kilemba cha wingu, hata siku za kiangazi ulipokuwa kichwa wazi. Punda aliitwa punda mwenye masikio ya subira, hata alipokuwa akirusha mateke. Mtu aliyetaka chumvi mezani aliomba jasho jeupe la bahari, na alipomaliza kuomba, mchuzi ulikuwa umepoa. Mbwa akiiba nyama, mwenye nyama hakuwa na budi kumwita kwa ukamilifu, mlinzi wa vizingiti mwenye meno ya mwezi mwandamo, na alipofika kwenye mwezi, mbwa alikuwa amefika bondeni. Wageni walicheka. Wenyeji hawakuona cha kuchekesha. Kwao kitu kisicho na sifa kilikuwa kama kikombe kilichowekwa ukingoni mwa meza: ukigeuka kidogo tu, hakipo.

Menekle aliitwa Menekle mwenye koo la asali. Aliitwa hivyo alipoimba, na aliitwa hivyo hivyo alipokoroma, na siku alipokamatwa na kikohozi mkewe aliwaeleza majirani kwa uso mkavu kwamba mwenye koo la asali anatema makohozi tangu asubuhi.

Kazi yake ilikuwa kuimba vita. Chini ya mji kulikuwa na uwanda wa vumbi, na uwandani kulikuwa na vita ambavyo hakuna aliyekumbuka vilianza lini, wala ni nani aliyemtukana nani. Vita vile vilikwenda pale tu wimbo ulipoimbwa. Menekle akiimba kwamba mikuki imeinuka, iliinuka. Akinyamaza, vumbi lilitua, na mashujaa wa pande zote mbili wakaketi juu ya ngao zao, wakashona kanda za viatu, wakapiga miayo, wakangoja. Je, wimbo ndio uliofanya vita, au vita ndivyo vilivyofanya wimbo? Menekle alijiuliza swali hilo kila alipokosa usingizi, na kila mara alijigeuza ubavu wa pili kabla jibu halijafika. Alichojua ni kwamba wimbo haukuwa wake. Aliupokea kwa mwalimu wake, na mwalimu wake kwa mwalimu wake, na wa kwanza kabisa aliupokea kwa Bibi Mnong'onaji, ambaye kila mwimbaji humwita kabla ya kufungua kinywa. Menekle alikuwa amemwita maisha yake yote. Hakuwahi hata siku moja kumsikia akinong'ona. Alisikia tu mshororo unaofuata ukija wenyewe na mizani zake kumi na sita, nane huku na nane huku, kama mtu aliyebeba ndoo mbili.

Mkewe, Sostrata, alikuwa kuhani wa madhabahu, na kazi yake ilikuwa moshi. Alijua ni mafuta ya paja gani yanayopaa moja kwa moja hadi kwenye pua za miungu na yapi yanayoishia kwenye nguo za watu. Naye hakuwahi kumwona mungu. Lakini alisema mpishi si lazima awaone wageni ili ajue wanapenda nini. Hutazama vyombo vikirudi. Wale wawili walikuwa wamebishana jambo moja tangu walipooana. Sostrata alishikilia kwamba bila moshi wake miungu wa mumewe wangekufa njaa. Menekle alishikilia kwamba bila sifa zake moshi wa mkewe usingejua ubishe hodi kwa nani. Ubishi huo ulikuwa umeshapoteza ukali wake wote, ukabaki kama blanketi la zamani. Walijifunika nao wote wawili.

Sasa, jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa mjane mmoja mtengeneza jibini, Filumena, ambaye mwanawe wa pekee, Lisia mwenye ngao ya shaba, alikuwa uwandani vitani. Wimbo ule kila mtu aliujua kwa moyo. Watu wote walijua kwamba katika sadaka inayokuja wimbo ungefika kwenye mshororo wa Lisia, na mshororo wenyewe ulikuwa hivi:

*Mkuki ukenda kasi, Lisia ukamshika.*

Filumena alikuwa amekwenda kwa Menekle mapema na kipande cha jibini, akamwomba augue. Menekle alimjibu kwa huzuni ya kweli kwamba akiugua yeye ataimba mwingine, na mwingine huyo ana sauti ya bawaba. Filumena hakulia. Alichukua jibini yake akarudi nayo, na siku ya sadaka alifika mapema kwenye ukumbi wa madhabahu, akaketi na kikapu mapajani. Ndani ya kikapu alikuwa amekunja nguo zake za msiba, ili wakati ukifika asihangaike kuzitafuta.

Ng'ombe alichinjwa, mapaja yakafunikwa mafuta, moshi ukapanda. Menekle akaimba. Aliimba vizuri; hilo ndilo lililomtesa. Mshororo ulipokaribia aliuona ukija kwa mbali, kama unavyomwona mdai wako barabarani na hakuna uchochoro wa kuchepukia. Akaimba nusu ya kwanza: *Mkuki ukenda kasi*. Kisha, kwa kuwa hakutaka nusu ya pili itoke, na kwa kuwa Sostrata alikuwa amemwekea kando ini la ng'ombe, ambalo ni haki ya mwimbaji, alilichukua akalitia lote mdomoni.

Ini lilikuwa limetoka motoni wakati ule ule. Menekle alifungua kinywa kama mtu anayetaka kumeza ukumbi, na kilichotoka ni sauti hii: "Ofoleo."

Menekle, machozi yakimtoka kwa moto wa ini, alihesabu kwa mazoea, maana mwimbaji hata akianguka kisimani huhesabu mizani akishuka. O, fo, le, o. Nne zimekwenda. Zimebaki nne, na lazima ziishie kwa *shika*, kwa sababu ubeti mzima umekwisha kuishia kwa *shika*. Akameza, akafunga macho, akamalizia kwa kitu pekee kilichoweza kuingia:

*Mkuki ukenda kasi, Ofoleo kaushika.*

Mtu aliyekuwa amekaa juu ya ukuta akitazama uwandani aliwaambia wenzake, bila kupaza sauti, kwamba mkuki umesimama hewani. Baadaye akasema si hewani hasa, kuna mkono. Na Lisia mwenye ngao ya shaba amesimama nyuma ya mkono huo, anajipapasa kifua.

Filumena alifunika kikapu chake, akaenda nyumbani, akarudi na mbuzi. Akamuuliza Sostrata madhabahu ya Ofoleo iko wapi. Sostrata, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukosa jibu la swali kama hilo, alibaki na kisu mkononi.

Usiku ule nyumbani kwao ule ubishi wa zamani ulipata meno mapya. Sostrata alitaka kujua mungu yule anakula nini, ana baba nani, anapenda mbuzi mweupe au mweusi, na kwa nini mumewe alimleta mgeni bila kumwambia mtu wa jikoni. Menekle alisema hakumleta, lilikuwa ini. Sostrata alisema ini alilipika yeye, kwa hiyo kama ini ndilo lililozaa mungu basi mungu ni wake. Menekle hakuweza kupata kosa katika hoja hiyo, akalala.

Asubuhi, alipofungua mlango ili anawe uso, mungu alikuwa amesimama kizingitini.

Yaani, mkono ulikuwa umesimama. Mkono ulikuwa mzuri ajabu, kila mshipa mahali pake, kucha kama maganda ya chaza, na ulikuwa umeukamata mkuki uliolala kiupandeupande hata usiweze kupita mlangoni. Nyuma ya mkono hapakuwa na kitu cha kuaminika. Palikuwa na ukungu mrefu wenye umbo la mtu, na mahali pa uso palikuwa na kitu kama uso wa mtu uliyewahi kukutana naye ukasahau wapi. Mshororo ulikuwa umesema kwamba ameshika. Haukusema zaidi, na yeye hakuwa na zaidi.

"Mimi ni mungu wa nini?" mungu akauliza.

Sauti yake ilifika mizani ya nane ikakatika, kana kwamba imegonga ukuta. Menekle alingoja aendelee. Hakuendelea. Ilichukua muda kabla Menekle hajaelewa kwamba kiumbe huyu alizaliwa katika nusu ya mshororo na hana pumzi ya nusu nyingine. Akamjibu kwamba hajui.

"Na baba yangu ni nani?"

Hapo Menekle aliona haya. Alitazama chini, akasema kwamba pengine ni yeye, au pengine ni ng'ombe. Mungu alilipokea jambo hilo bila kinyongo. Alisema tu, "Mkono unaniuma," naye Menekle, kwa ukarimu wa mtu aliyeshtuka, akamwambia aweke mkuki chini, apumzike. Lakini haikuwezekana. Alijaribu mbele ya macho ya Menekle, vidole havikufunguka. Mshororo ulisema *kaushika*, na hakuna mshororo mahali popote uliosema ameuacha.

Sostrata alitoka na bakuli la mafuta, akamfukizia. Moshi ulipita katikati ya mungu ukatokea upande wa pili kama ulivyoingia. Akajaribu mbuzi mweupe, akajaribu mweusi. Mwisho akaketi juu ya jiwe akasema kwa sauti ya chini kwamba ndiye mungu wa kwanza kumwona kwa macho, na hana hata tumbo.

Filumena alifika wakati huo huo na jibini mbichi kwenye jani, akasimama karibu na mkono ule, akautazama jinsi mtu anavyomtazama mkunga. Naye ndiye aliyemsikia mungu akiuliza swali la maana: "Nikiuachia, wapi?" Mkuki utakwenda wapi. Menekle hakutaka kujibu mbele ya mama. Mkuki wenyewe ukajibu, kwa maana ulikuwa unatetemeka ncha ikielekea bondeni, kama pua ya mbwa.

"Watafuta ngao yake," mungu akasema. Kisha, baada ya kufikiri kwa muda mrefu, na hii ndiyo mara ya kwanza alipofanya jambo ambalo hakuambiwa na mtu, akasema, "Basi naushikilia."

Menekle aliyakumbuka maneno hayo siku nyingi. Alikuwa ameimba miungu wanaotikisa ardhi, miungu wanaogeuka ndege, miungu wanaoshuka vitani kwa sababu ya wivu au kwa sababu ya nyama. Miungu wote hao walifanya waliyofanya kwa kuwa mshororo ulitaka. Huyu, aliyetengenezwa kwa pengo na ini, alikuwa amesimama kwenye kizingiti chake akiamua. Ikiwa mungu ni yule anayefanya anachopenda, basi ndiye mungu pekee aliyewahi kumjua. Na alichopenda kilikuwa kuumwa mkono.

Lakini dunia haikufurahi. Siku zilizofuata moshi wa madhabahu ulianza kurudi. Ulipanda kiasi cha mnazi, ukasita, ukashuka, ukaingia majumbani na kukaa kwenye viti kama mgeni asiyeaga. Miungu wakubwa walikuwa wamesusa chakula. Wimbo wote uliobaki ulisimama juu ya kifo cha Lisia: rafiki yake alitakiwa kumlipizia kisasi, na adui wa rafiki alitakiwa kulipiza kisasi kwa rafiki huyo, na hivyo hivyo hadi mji ungechomwa na watu kupata kitu cha kukumbuka. Lisia asipokufa, hakuna anayejua afanye nini. Hata saa zilikwama. Alasiri ilikuja mara mbili katika siku moja, na adhuhuri haikuja kabisa, watu wakala chakula cha jioni wakiwa hawajala cha mchana. Na akina mama wengine waliokuwa na wana uwandani nao wakasikia habari. Uani kwa Menekle kukajaa mbuzi wa nadhiri, na mbuzi wale wakala kamba za kinubi chake, mbili za juu.

Wazee wa mji walikuja, wamejifunga vitambaa puani. Walisema kwa heshima zote kwamba mwenye koo la asali alikosea, kukosea ni jambo la kawaida, na katika sadaka ijayo ataimba mshororo kama ulivyokuwa tangu zamani. Walisema miungu hawana ugomvi na kijana yule. Ni utaratibu tu. Menekle aliuliza kama wamekwisha kumweleza mama yake kwamba ni utaratibu. Wakakohoa, na moshi ukawasaidia kuonekana kwamba wanakohoa moshi.

Jioni Filumena alikuja bila jibini. Hakuketi.

"Mwanangu si kina, Menekle," akasema.

Menekle alisema anajua. Alianza kueleza juu ya wimbo, na mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake, na Bibi Mnong'onaji, na Filumena akamwacha aeleze mpaka akachoka mwenyewe. Kisha akamuuliza jambo la ajabu. Akamuuliza wimbo unasema nini juu ya njia ya kutoka mjini kwenda uwandani.

Menekle alipita wimbo wote kichwani, kuanzia mwanzo. Mashujaa walikuwa uwandani tayari wimbo ulipoanza. Miungu walishuka kwa mawingu. Wajumbe walitoka na kufika katika mshororo mmoja.

"Hausemi kitu," akajibu.

"Unasema mama haruhusiwi kushuka?"

"Hausemi ameshuka wala hajashuka. Akina mama wako mwishoni. Wanalia."

"Basi nitashuka kabla sijafika mwishoni," Filumena akasema. "Wewe imba. Nisikilize, jirani yangu. Usifike pale kabla sijarudi."

Akaondoka na fimbo ya kuchungia mbuzi. Menekle alimwona akipita langoni, akiteremka mahali ambapo hakuna mshororo uliowahi kukanyaga, na alishangaa kuona kwamba palikuwa na njia, ya kawaida tu, yenye mawe na mavi ya mbuzi.

Aliporudi ndani alimweleza Sostrata kila kitu, akitarajia ugomvi, kwa kuwa Sostrata hakuwahi kuwapunja miungu hata tone. Sostrata alisugua sufuria kwa muda. Halafu akasema kuwapunja ni haramu, lakini hajawahi kusikia katazo la kuwazidishia.

Siku ya sadaka ilifika, au labda ilikuwa alasiri ya pili ya siku iliyotangulia; hakuna aliyekuwa na hakika. Watu walijaa, macho mekundu kwa moshi. Mungu aliletwa akasimamishwa kando ya madhabahu, mkono umenyooka, na kila mtu aliona jinsi misuli ilivyokuwa ikirukaruka chini ya ngozi. Menekle alishika kinubi chake chenye kamba pungufu, akaanza na Bibi Mnong'onaji, kama ilivyo desturi.

Kisha akamwita na mama yake Bibi Mnong'onaji. Kisha dada zake, kila mmoja kwa sifa zake. Kisha akasema si adabu kuwataja hao na kuwaacha miungu wakubwa wakisikiliza, akawataja wote, wa mbinguni, wa ardhini, wa mito, wa mizinga ya nyuki, na kila alipotaja jina Sostrata aliinuka, akamimina divai, akaketi, akajinyoosha mgongo, akainuka tena. Wazee walitazamana. Lakini ni nani angethubutu kumwambia mwimbaji asitaje mungu, na mungu huyo akiwa ameshatajwa na anasikia?

Kutoka kwa miungu aliingia kwenye mashujaa. Alimtaja kila mmoja na baba yake, na babu yake, na nchi yao inazaa nini, na alipofika kwenye mtu mmoja wa kando ambaye wimbo ulimpa neno moja tu, alieleza ngao yake: pembeni palichorwa bahari, ndani ya bahari kisiwa, kisiwani harusi, na kwenye harusi palikuwa na sahani, na kwenye sahani palichorwa samaki. Watoto walilala. Wazee wawili walilala. Mungu hakulala, lakini mkono wake ulikuwa umeanza kushuka.

Menekle aliona. Aliona kidole kidogo kikilegea, kikifuatiwa na kile cha pete. Alikuwa hana la kufanya isipokuwa lile analolijua, akamwimbia: *Ofoleo msichoka*. Ulikuwa uongo mtupu. Mungu alikuwa amechoka hadi ukungu wake unatoka jasho. Lakini sifa ilipomfika, vidole vilijifunga tena, kimoja baada ya kingine, na Menekle akasimama katikati ya wimbo akiwa ameelewa jambo ambalo alikuwa amelifanya maisha yake yote bila kulielewa. Alikuwa akidhani sifa ni maelezo. Alikuwa akidhani unamwita mtu mwepesi wa miguu kwa sababu ni mwepesi. Kumbe unamwita hivyo anapokuwa ameketi na miguu imevimba, ili apate cha kujishikiza. Yeye mwenyewe, mwenye koo la asali, alikuwa na koo kavu kama kigae, na bado alikuwa anaimba.

Akaimba. Na kwa kuwa sasa hakuna orodha iliyobaki duniani isipokuwa ya mbuzi walioko uani kwake, akaingia kwenye mfano. Akasema kwamba mkuki ulikuwa kama simba. Kama simba aliyelala njaa siku nyingi, anayeshuka mlimani na kuliona zizi, na zizi lina mlango, na mlango ulichongwa na fundi hodari, na fundi huyo alikuwa na wake wawili, wa kwanza mpole, wa pili akipenda kwenda kwao kila mwezi, na kwao ni ng'ambo ya mto, na mto huo wakati wa mafuriko una tabia yake. Watu waliolala waliamka. Walitaka kujua habari za mke wa pili. Mzee mmoja, aliyekuwa mkali kuliko wote, aliuliza kwa upole kabisa kama alivuka.

Mke wa pili alikuwa karibu kuvuka pale Filumena alipoonekana langoni.

Alikuja amemshika mwanawe kifundo cha mkono, jinsi anavyoshikwa mtoto aliyetolewa mchezoni. Lisia alikuwa mrefu, amekonda, ana vumbi hadi kwenye nyusi, na sindano ya mtu imechomekwa kwenye ukosi wake. Ngao hakuwa nayo. Alikuwa akilalamika kwa sauti ndogo kwamba ameondoka bila kuaga na sindano si yake. Mama yake alimleta hadi mbele, miguu ikimchuruzika damu kwa mawe, akamtazama Menekle na kuitikia kwa kichwa mara moja.

Menekle alimwacha simba pale pale alipokuwa, na mke wa pili akiwa maji yamemfika magotini, akarudi kwenye mshororo:

*Mkuki ukenda kasi, Ofoleo kaushusha.*

Wazee waliguna wote kwa pamoja. Majaaliwa ya dunia yaliyovunjika mbele yao waliyavumilia. Kilichowauma ni kina.

Vidole vilifunguka. Mkuki ulitoka mkononi, lakini haukuanguka. Ulining'inia, ukageuka polepole, ncha ikipita mbele ya nyuso za watu, moja baada ya nyingine. Ulikuwa unatafuta. Ulipofika kwa Lisia ulisita, ukasogea, ukasimama karibu na kifua chake kiasi kwamba kamba za shati zilitikisika. Kijana alifungua kinywa ili ajitambulishe, maana ndivyo alivyofundishwa, shujaa akielekezewa mkuki hutaja jina lake kamili na la baba yake. Mama yake akamziba mdomo kwa kiganja.

"Huyu ni Lisia tu," Filumena akasema. "Hana sifa yoyote."

Katika mji ule hakuna aliyewahi kusikia mtu akisemwa hivyo. Wengine waligeuza nyuso kwa aibu, kama amevuliwa nguo. Wengine walikodoa wakisubiri atoweke, na kwa kweli kando za mabega yake zilianza kufifia kidogo, lakini Filumena alikuwa amemshika mkono kwa nguvu zake zote za kukamulia jibini, na hapo aliposhikwa hakufifia, na kutoka hapo akarudi mzima. Mkuki ulinusa mara nyingine. Ngao ya shaba ilikuwa bondeni, imelala kwenye vumbi, haina mtu. Mti na chuma vikapoteza hamu. Mkuki ukaanguka sakafuni kwa kishindo cha fimbo ya kawaida, na Filumena akamwambia mwanawe waende nyumbani, kuna maziwa yanaganda.

Sadaka iliisha hivyo, bila wimbo kuisha. Moshi ulipanda, si wima kama zamani, ulipinda hapa na pale kama mtu anayeulizia njia, lakini ulipanda. Aliyekuwa juu ya ukuta alisema kwamba uwandani mashujaa wanazozana kuhusu nani aanze kisasi cha mtu asiyekufa, na kwamba baadhi wameanza kukunja mahema. Watu wakatawanyika. Sostrata akaketi chini ya madhabahu na mtungi mtupu, miguu mbele, akamwambia mumewe kwamba leo amewanywesha miungu ambao hata majina yao hakuwahi kuyasikia, na kama wawili au watatu kati yao alikuwa amewatunga, basi asimwambie. Menekle hakumwambia. Alikaa karibu naye. Sauti ilikuwa imemwishia kabisa.

Mungu alikuwa bado amesimama pale pale. Mkono ulining'inia kando, mzito, haujui pa kwenda. Hakuna mshororo uliosema afanye nini baada ya hapo, na mwimbaji wake hakuwa na sauti ya kumwambia. Walimtazama wote wawili, kuhani na mwimbaji, kama watu wanavyomtazama mtoto wa mtu anayejifunza kusimama, bila kuthubutu kusogea.

"Hapa napo panawasha," mungu akasema.

Akainua mkono wake mzuri, taratibu, akaupeleka kwenye ukungu mahali ambapo bega lingekuwa, akakuna. Na alipokuna, bega likawepo. Lilikuwa bega la kweli, pana kidogo upande mmoja, lenye kovu dogo ambalo hakuna aliyelitunga. Akashangaa. Akakuna shingo, shingo ikaja. Akakuna mgongo kwa shida, kama kila mtu, na Sostrata akainuka akaenda kumsaidia pale asipofika.